Karatasi Ishirini na Mbili za Diff

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kuchana madaftari. Kila mwaka, mvua za gu, yaani za masika, zikishapita, mjomba wangu alinunua daftari jipya la jalada gumu jeusi, akahamishia humo madeni yaliyosalia, kisha akanipa lile kuukuu. Nilizichana kurasa zake moja moja, nikazikunja pembe na kufungia sukari ya robo kilo na majani ya chai. Ikifika jilaal, ukame umekaza na mbuzi wanalamba kuta, daftari zima limeshakwisha. Deni la mtu lililolipwa lilirudi nyumbani kwake limefunga sukari.

Nayaandika haya kwa sababu leo natunza ghala la data la wafanyabiashara wa jumla mjini Garissa, na kazi hiyo ni kinyume kabisa cha ile ya utotoni. Humo hakuna mstari unaofutwa, hata wa deni lililolipwa miaka kumi iliyopita. Njia iliyonitoa kwenye kuchana ikanileta kwenye kutunza ilikuwa ndefu, na mahali fulani ilituumiza.

Diff, au Diif kama wengine wanavyoandika, ni mji wa Wajir Kusini uliokaa mpakani na Somalia. Kwenye ramani ni wa Wajir. Kwa biashara mkono wake umenyooka kuelekea Garissa, ng'ombe wakienda soko la huko, na unga, mchele na mafuta ya kupikia yakirudi kwa malori. Duka la mjomba lilikuwa la mabati, lenye kaunta ya mbao na mizani ya mawe. Mimi nilimwita Abti, yaani mjomba wa upande wa mama, naye akaniita Abti vilevile, kwa kuwa kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.

Daftari lake mtu mwingine asingeweza kulisoma. Bei ziliandikwa kwa shilingi za Kenya na za Somalia ukurasa mmoja, kwa sababu serikali ya Mogadishu ilipoanguka Januari 1991 benki kuu ilikufa lakini noti zake ziliendelea kupita mkono hadi mkono. Tarehe hazikuwapo. Aliandika "deyr", yaani mvua za vuli, au "hagaa", kiangazi cha katikati ya mwaka, au "kabla ya mafuriko". Na majina ya watu hayakuwa majina ya vitambulisho. Mohamed Abdi walikuwa wengi mno mjini, kiasi kwamba kuandika jina hilo ni sawa na kuacha nafasi wazi. Kwa hiyo kila mteja aliandikwa kwa lakabu: Dheere kwa urefu wake, Gurey kwa kutumia mkono wa kushoto. Hakuna aliyeona ni matusi. Hata yule imamu Ahmed wa karne ya 16 aliyepigana na wafalme wa Uhabeshi, historia inamkumbuka kwa jina la Gurey.

Muda wa kulipa haukuhesabiwa kwa mwezi. Mfugaji anakopa unga mifugo ikiwa mbali malishoni, analipa akishauza mnyama, na mnyama hauzwi akiwa mifupa mitupu. Deni lilifuata mvua. Riba haikuwapo, ni haramu. Mteja akilipa, Abti alipiga mstari juu ya jina lake, akasema alhamdulillahi, na habari ya deni hilo ikaishia hapo.

Ilikuwapo hesabu moja tu isiyochanwa. Katika kumi la mwisho la Ramadhani alifunga duka mapema, akawasha karabai, tukahesabu mali yote kwa ajili ya zaka. Ngamia wakifika watano hutolewa kondoo au mbuzi mmoja. Ng'ombe wakifika thelathini ni ndama wa mwaka mmoja, mbuzi wakifika arobaini ni mmoja. Bidhaa za duka na fedha, ni moja katika arobaini. Kisha yalikuja madeni, na hapo ndipo palipochukua usiku mwingi zaidi. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mafakihi wetu hutofautisha deni lililo kwa mtu anayeweza kulipa na lile lililo kwa asiyeweza. Abti alichora safu mbili, akataja jina moja moja kwa sauti ndogo, akifikiri kabla ya kuliweka upande huu au ule. Safu hizo na jumla zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu kwenye karatasi moja, akaikunja na kuiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilipomuuliza kwa nini karatasi ile nayo nisiichane, alinijibu kwamba hesabu ya duka ni yetu, hii ni ya Mungu.

Mambo yalianza kubadilika nikiwa kijana. Mwanzoni mwa 2006 ukame uliwapukutisha ng'ombe wa Wajir na Mandera. Mvua ziliporudi mwishoni mwa mwaka ule zilileta mafuriko, na mafuriko yakaleta homa ya Bonde la Ufa, iliyoanzia upande wa Garissa. Mifugo ikazuiwa kusafirishwa, masoko yakafungwa. Mfugaji aliyekuwa na wanyama alikosa pa kuwauza. Machi 2007 M-Pesa ikaanzishwa, na baada ya muda deni likaanza kulipwa kwa simu, na mwana aliye Eastleigh, Nairobi. Kwa mara ya kwanza lilikuwapo daftari la pili, lililoandikwa na mashine, lenye saa na dakika. Abti hakulitazama. Kwake ujumbe wa simu ulikuwa ruhusa ya kupiga mstari, kisha akaufuta ili simu isijae.

Halafu ukaja 2011. Deyr ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekatika, na gu nayo ikakatika. Julai 20 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia, na kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizojengwa kwa watu 90,000, zikawa na zaidi ya 400,000. Mjini kwetu kila asubuhi waliwasili watu waliotembea usiku kucha. Wafugaji wetu wenyewe hawakuwa na cha kuuza. Mwenye bidhaa Garissa alitaka fedha taslimu.

Jioni moja Abti aliketi kwenye gunia la mchele akaniuliza, "Abti, ukame ule wa 2006, ni akina nani waliokuja kulipa baadaye?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo. Madaftari ya miaka ile yalikuwa yamefungia sukari. Tuliwakumbuka waliotudhulumu, kwa sababu ugomvi haufutiki kichwani. Waliolipa kimya kimya walikuwa wamefutika kwa mstari na alhamdulillahi. Basi kwa kumbukumbu ile iliyopinda Abti alifunga mkopo. Aliufunga kwa kila mtu, hata kwa nyumba zilizonunua kwake tangu siku ya kwanza. Nilikuwapo mama mmoja aliponyoosha mkono kuchukua pakiti ya unga, akakuta mkono wa Abti uko juu ya pakiti ile.

Deyr ya 2011 ilinyesha vizuri. Watu waliuza, wakalipa madeni, wakanunua upya, lakini kwa wale waliowakopesha wakati wa shida. Duka letu halikurudi lilivyokuwa. Abti hakumlaumu yeyote, ila aliacha kukaa kaunta.

Mwaka uliofuata nilipata kibarua cha kujaza fomu za tahadhari ya ukame. Kazi hiyo ilikuwa imeanzishwa na mradi wa maeneo kame wa 1996, na kufikia wakati wangu ilikuwa imeshachukuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa 2011. Kila mwezi unarudi katika nyumba zilezile na kuuliza maswali yaleyale: maji yako umbali gani, mmekamua kiasi gani, unga ni bei gani, mbuzi ni bei gani. Unapima mkono wa mtoto kwa utepe wenye rangi. Mwanzoni niliona ni usumbufu kumuuliza mtu jambo uliloliuliza mwezi uliopita. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba thamani yote ya fomu iko hapohapo, katika kurudia. Bei ya mbuzi ya mwezi mmoja haikuambii kitu, ila ukiipanga na ya miezi thelathini iliyotangulia unamwona mfugaji akiteleza kabla hajaanguka.

Bei yenyewe haikupatikana kirahisi. Kwetu dilaal, ambaye Waswahili humwita dalali, hujadiliana na mnunuzi kwa vidole chini ya shali. Kila kidole na kila pingili ina thamani yake, na waliosimama pembeni hawaoni kitu. Ukimuuliza dilaal atakutajia bei itakayomfaa katika biashara inayofuata. Nilijifunza kungoja fedha ibadilishe mikono, kisha nikamuuliza muuzaji peke yake na mnunuzi peke yake. Wakitofautiana niliandika zote mbili. Na "mbuzi" ilibidi awe mbuzi yuleyule kila mwezi, wa umri mmoja na hali moja, la sivyo unalinganisha beberu na mwanambuzi.

Kosa la namna hiyo liliwahi kutokea kwa nchi nzima. Katika sensa ya 2009 Kenya iliihesabu mifugo pamoja na watu, na ngamia peke yao wakakaribia milioni tatu, zaidi ya makadirio yote ya awali. Wachumi walipofanya hesabu upya, mchango wa mifugo katika uchumi ukaonekana kuwa kama mara mbili na nusu ya ule uliokuwa ukiandikwa vitabuni. Miaka yote hiyo watu wetu walipangiwa bajeti kama maskini wasio na kitu, huku utajiri wao ukitembea kwa miguu minne bila kuandikwa.

Na Agosti 2013 ikaja bima ya mifugo Wajir, kwa mfumo wa takaful unaokubalika kisharia. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, wakiongozwa na Andrew Mude, walikuwa wameijaribu Marsabit tangu 2010. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango, mwenye bima hulipwa. Machi 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa. Wazee wengi waliuliza mashine iliyo angani inajuaje kwamba mwaka huu ni mbaya. Jibu ni kwamba picha za miaka iliyopita zimehifadhiwa zote, na ukijani wa leo unapimwa dhidi ya ukijani wa miezi kama hii miaka ya nyuma. Setilaiti haikulichana daftari lake. Nililiwaza hilo usiku mzima.

Nikahamia Garissa, kwa binamu zangu waliokuwa na stoo ya jumla inayolisha maduka ya Dadaab, Liboi na Diff. Walikuwa na kompyuta na faili za Excel, tena nyingi. Wiki yangu ya kwanza niliuliza swali jepesi: mwezi uliopita tuliuza unga kiasi gani Diff? Nilipata majibu matatu. Kwa mtunza stoo, "kuuza" ni mzigo kupanda lori. Kwa mwenye duka, ni mteja kuondoka na pakiti. Kwa mshika fedha, ni pesa kuingia. Gunia kwa mmoja lilikuwa la kilo 90, kwa mwingine la kilo 50. Wote watatu walikuwa wakweli, na kila mwezi waligombana kana kwamba mmoja wao ni mwizi.

Nilikwenda Nairobi kusoma jioni. Mwalimu mmoja alituandikia ubaoni masharti manne ya ghala la data, yaliyotangazwa na Mmarekani Bill Inmon katika kitabu chake cha 1992: data ipangwe kwa mada, iunganishwe iseme lugha moja, kila kitu kiwe na wakati wake, na kilichoingia kisifutwe. Aliposoma sharti la nne niliinama. Harufu ya majani ya chai ilinijia puani.

Ghala letu tulilijenga katika kompyuta moja ya stoo, kwa programu ya PostgreSQL isiyolipiwa, na umeme wa jua kwa siku stima inapopotea. Duka linaendelea na kazi yake: mteja akilipa, jina linapigwa mstari. Lakini kila usiku nakala ya siku ile inaingia ghalani na kukaa. Kutoka Diff hesabu zilitumwa kwa simu mtandao ukiwapo. Minara ya mpakani iliposhambuliwa zilikuja na dereva, ndani ya flashi, hata baada ya wiki mbili. Ndiyo maana kila mstari una tarehe mbili, ya tukio na ya kufika kwake. Bila hivyo wiki ya ukimya inaonekana kama wiki isiyo na mauzo, na mtu mwenye haraka atafunga njia yenye faida.

Wateja walitusumbua zaidi ya mashine. Tulidhani namba ya simu itatosha kumtambulisha mtu. Haikutosha. Mke analipa deni la mume, kijana analipa kwa laini ya Somalia, laini ya marehemu inapewa mgeni. Mwishowe tuliipa kila nyumba namba yetu wenyewe, na kando yake tukaandika lakabu. Baada ya kompyuta na masomo yote tulirudi kwa Dheere na Gurey.

Kisha kalenda. Mchanganuzi wa ng'ambo hulinganisha Aprili na Aprili. Kwetu kufanya hivyo ni kujidanganya, kwa maana Ramadhani, mwezi wa sukari, tende na unga wa ngano, hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Ya 2011 ilianza mwanzoni mwa Agosti, ya 2022 ikaanza mwanzoni mwa Aprili. Ralph Kimball, mwalimu mwingine mkubwa wa fani hii, amefundisha kwamba kalenda iwe jedwali lenyewe, lenye safu nyingi kadiri biashara inavyohitaji. Jedwali letu lina mwezi wa Kizungu, mwezi wa Kiislamu, msimu wa mvua na siku za Idd. Nadhani ndicho kitu bora nilichowahi kutengeneza.

Abti alifariki mwanzoni mwa 2015. Baada ya eda mjane wake alinipa lile kopo la maziwa ya unga. Ndani zilikuwamo karatasi 22, tangu Ramadhani ya 1414, ambayo ni 1994, hadi ya 1435. Nilianza kuziingiza ghalani, na jedwali likakataa: karatasi mbili zilidai kuwa za Ramadhani iliyoanza 1997. Nilidhani amekosea. Hakukosea. Mwaka ule Ramadhani iliingia Januari, ikaingia tena siku za mwisho za Desemba. Karatasi ya pili ndiyo iliyoandikwa El Niño ikiwa imezingira mji kwa maji, na wino wake umevuja.

Nilipozipanga zote sakafuni kwa mfuatano, niliona kitu ambacho sidhani Abti aliwahi kukiona, maana kila karatasi aliiandika, akatoa zaka yake, akaifunga. Katika safu ya wasioweza kulipa majina yaliongezeka mwaka wa ukame, kama mtu angetarajia. Lakini kando ya majina ya waliolipa baadaye alikuwa ameweka nukta, kwa sababu deni la namna hiyo likilipwa hutolewa zaka yake. Ukame wa 2006 ulikuwa na orodha ndefu kuliko zote. Katika karatasi mbili zilizofuata, majina mengi ya orodha ile yana nukta. Wengi wa aliowakatia tamaa walirudi wakalipa. Swali aliloniuliza kwenye gunia la mchele lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa juu ya kabati, hatua chache kutoka alipoketi. Nilikaa sakafuni pale hadi adhana ya alasiri.

Mvua zilipokatika misimu mitano mfululizo, tangu deyr ya 2020 hadi ya 2022, binamu zangu walitaka kufunga mkopo. Niliweka karatasi za Abti mezani, pamoja na miaka yetu ya ghalani. Tulijadiliana siku mbili. Tulipunguza kapu la mkopo likabaki unga, mafuta, sukari na majani ya chai, tukasogeza muda wa kulipa hadi msimu wa pili wa mvua njema, na mkopo ukabaki wazi. Gu ya 2023 iliponyesha wengi walianza kulipa. Wapo ambao mifugo yao iliisha kabisa. Hao wako katika safu ya wasioweza kulipa, na hatuwadai.

Jambo moja tulilikataa. Tulishauriwa tuombe namba za vitambulisho na alama za vidole, tuunganishe na orodha nyingine. Watu wa kwetu wanajua uchungu wa orodha kuunganishwa. Maelfu ya Wakenya wa Garissa na majirani zake walijiandikisha kambini kama wakimbizi wakati wa njaa, wengine wakiwa watoto walioandikishwa na wazazi, na alama za vidole zilipolinganishwa walinyimwa vitambulisho vya nchi yao kwa miaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji. Sisi tunahitaji lakabu, namba ya nyumba na deni. Ghala letu halina kidole cha mtu yeyote.

Sasa natafuta madaftari. Kama nyumbani kwenu Diff, Liboi, Habaswein au Garissa kuna daftari la duka la kabla ya 2007, hata lililoliwa na mchwa nusu, hata lisilosomeka ila na bibi mmoja, msilichane. Liwekeni juu, mahali pakavu, na mkae na huyo bibi mapema awasomee majina.